Hewa Tulivu ya Kasale

Kiberiti kiligoma. Subilaga Mwakatundu alikikwangua tena, na tena, akiwa amesimama katikati ya chumba cha Tusekile kwenye ghorofa ya nne ya Jengo la Kasale. Kila mara kichwa cha njiti kilitoa mwanga mdogo, kikafuka moshi, kikafa kabla moto haujafika kwenye kijiti. Hivyo ndivyo nyumba za Jiji la Uwanda zilivyokaguliwa. Kiberiti kikigoma, nyumba imefaulu.

"Imefaulu," alisema kwa mazoea, akarudisha kiberiti mfukoni.

"Nani amefaulu?" Tusekile aliuliza. Alikuwa mama wa miaka ishirini na kitu, amekaa ukingoni mwa kitanda na mtoto mapajani, na hakuinuka kumsindikiza mgeni. "Ukuta? Dari? Maana mwanangu hajafaulu, dada. Njoo umwangalie na huyu."

Subilaga alisogea. Mtoto alikuwa macho. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau, na kifua kilipanda na kushuka haraka haraka kama cha kifaranga. Alikunja uso kama anayetaka kulia, akafungua kinywa, lakini sauti haikutoka.

"Halii," Tusekile alisema. "Tangu mwezi huu uanze halii. Majirani wananipongeza, eti nimezaa mtoto mtulivu. Nikishuka naye nje, kwenye hewa ya Mungu, analia mpaka mtaa unasikia. Nikipanda naye ndani, kimya. Askari wa getini wamenifukuza kwenye ngazi za nje mara mbili, wanasema pale si pa kukaa. Sasa wewe mhandisi unaniambia imefaulu."

Ukutani, juu ya mlango, kijiskrini cha jiji kiliwaka namba kumi na sita kwa rangi ya kijani, kama kilivyowaka katika kila chumba cha kila ghorofa ya jiji lile. Tangu soko la mbao liliposhika moto na kuteketeza mitaa mizima, Uwanda iliachana na magari ya zimamoto. Badala yake majengo yalizibwa madirisha, yakawekewa milango miwili miwili ya kuingilia, na mashine zikafungwa chini ya kila jengo kupunguza oksijeni iliyomo hewani na kujaza naitrojeni. Mfumo huo uliitwa Hewa Tulivu. Hewa ya kawaida ina oksijeni sehemu ishirini na moja katika mia. Ikishuka hadi kumi na sita, mbao na nguo hazishiki moto kirahisi, na binadamu bado anaweza kuishi, akizoea kuhema.

Subilaga alitoa kipimo chake mwenyewe mkobani, akakiinua karibu na uso wa mtoto, akasubiri. Namba zilicheza, kisha zikatulia. Kumi na tatu.

Alikitikisa. Akapima mlangoni, akapima chini ya kitanda, akatoka akapima ukumbini. Kumi na tatu kila mahali, na juu ya kila mlango kijani kikisema kumi na sita.

Jambo hili alilijua vizuri kuliko mtu yeyote jijini. Moto unaangalia sehemu: katika kila mia, ngapi ni oksijeni. Mapafu hayana habari na sehemu, yanaangalia uzito wa oksijeni yenyewe. Huko pwani, hewa ni nzito, na kumi na tatu ni mateso tu. Uwanda ilijengwa juu milimani ambako hewa ni nyepesi tangu asili. Kumi na tatu ya Uwanda ni sawa na kulala kileleni mwa Kilimanjaro. Watu wazima wa Kasale walishuka kila asubuhi kwenda makazini na kupumua. Watoto wachanga walikuwa wameachwa kileleni.

"Vaa sweta," alimwambia Tusekile. "Mfunge mtoto vizuri, shuka naye. Askari akikufukuza mwambie nimekukalisha mimi."

"Wewe ni nani kwake?"

Subilaga alirudisha kipimo mkobani. Alikuwa mhandisi wa muda.

* * *

Mkurugenzi wa Majengo wa jiji, Erasto Ngailo, alikuwa mtu mpole wa sauti, na upole huo ndio uliomchosha kila aliyewahi kugombana naye. Alimkaribisha Subilaga kiti. Subilaga alibaki amesimama.

"Nani ameshusha hewa Kasale?"

"Si Kasale peke yake. Maghorofa yote ya mashariki." Ngailo alifunga kompyuta yake taratibu. "Na ukitaka kujua nani, ni wewe, Injinia. Ripoti yako ya paneli. Uliandika kwamba zile paneli za sponji zilizobandikwa kwenye kuta na dari zinashika moto hata hewa ikiwa kumi na sita. Tumeifanyia kazi."

"Niliandika mzibandue!"

"Uliandika ni hatari. Baraza likasema hatari iondolewe. Kubandua paneli kwenye majengo yote yale ni kazi ya miaka, na watu wahamie wapi? Kushusha hewa ni kubonyeza kitufe."

"Na ile namba ya kijani milangoni?"

"Watu wakiona kumi na tatu watapata hofu."

"Wana haki ya kupata hofu! Kuna mtoto pale amekuwa wa zambarau, Mkurugenzi. Hana pumzi ya kulilia. Unajua mtoto asiyelia maana yake nini?"

Ngailo alipangusa meza isiyokuwa na vumbi. "Kaa chini tuongee kama watu wazima. Kesho Baraza linajadili kuongeza mkataba wenu, ninyi wahandisi wa muda wa kinga ya moto. Utakuwa mwaka wa sita. Utaitwa mbele kujibu swali moja mawili. Jibu unachoulizwa, basi. Mkataba ukishapita, tutatafuta namna ya kupandisha hewa kidogo kidogo."

"Mwaka wa sita wa muda," Subilaga alisema. "Kwa nini hamtuajiri?"

Wote wawili walijua. Sheria ilimpa mhandisi wa kudumu muhuri wa kufunga jengo. Akiona hatari, anagonga muhuri, watu wanatoka, na hata meya hawezi kuwarudisha. Mhandisi wa muda anashauri tu. Ndiyo maana jiji zima lilikuwa na wahandisi wa moto tisa, wote wa muda, na muhuri haukuwa na mwenyewe.

"Haya," Ngailo alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikakaza. "Hutaki kungoja? Nenda kapandishe. Nambari za siri za mtambo unazo. Rudisha hewa yote ya Mungu pale Kasale leo hii. Jengo lina watu mia nne na waya za umeme zilizochakaa, na kuta zake ni petroli iliyoganda, umeandika mwenyewe. Waya mmoja ukitoa cheche, ile sponji haiungui, inalipuka. Magari ya zimamoto hatuna. Wale watoto unaowalilia utawatoaje? Niambie, mimi nimeshindwa kujua. Wahangaike na pumzi au waungue?"

Subilaga aliutupia mkoba wake begani. Hasira ilizidi kwa sababu nusu ya maneno yale ilikuwa kweli. Huyu mtu alikuwa ameijenga njia panda kwa mikono yake, tofali kwa tofali, na sasa alimsimamisha mwenzake katikati yake na kumwambia achague.

Alitoka bila kuaga. Ukumbini alimkuta Hobokela, mwenzake wa muda, mwanamume mnene mwenye kucheka ovyo, ila leo hakucheka. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Suba, nakuomba," alisema kwa sauti ya chini. "Mke wangu yuko kwenye matibabu. Mkataba usipopita mimi nimekwisha. Acha mkataba upite kesho, halafu tupigane kutoka ndani."

"Tumekuwa ndani miaka mitano, Hobo. Umepigana lini?"

Aliona jinsi neno lile lilivyomchoma. Hakurudi nyuma kulifuta.

* * *

Ukumbi wa Baraza ulikuwa na madirisha yanayofunguka. Subilaga alilitambua jambo hilo mara tu alipoketi: mapazia yalikuwa yakicheza kwa upepo wa mlimani, na kwenye meza ya viburudisho moto mdogo wa spiriti uliwaka chini ya birika la chai, bila wasiwasi wowote. Hapa hewa haikuwa tulivu hata kidogo.

Walimwita mbele. Diwani mmoja mwenye miwani alimwuliza, "Injinia, katika muda wote wa mkataba huu, moto umewahi kutokea kwenye majengo yenye Hewa Tulivu?"

"Haujatokea, Mheshimiwa, lakini—"

"Ahsante sana."

"Lakini watu wanapumua kumi na tatu! Namba mlizoweka milangoni ni za uongo! Kuna watoto—"

Kipaza sauti kilizimwa. Aliendelea kusema bila hicho, akapaza sauti mpaka koo likauma, na madiwani wakamtazama kama watu wanaongoja mvua ipite. Mwenyekiti aliuliza wanaoafiki waseme ndiyo. Ukumbi mzima ukasema ndiyo. Mkataba wa wahandisi wa muda ukaongezwa mwaka mwingine, kwa kauli moja, na makofi yakapigwa. Wengine walimpigia yeye, kwa kuwa walidhani alichokuwa akikililia ni kazi yake.

Alisimama pale mbele makofi yakiendelea. Miaka mitano alikuwa ameandika, ameshauri, amependekeza. Kila alichoandika walikigeuza kikawa kamba, na mwisho wa kamba ile alikuwapo mtoto wa Tusekile.

Hakurudi kiti chake. Alitoka nje, akaanza kutembea kwenda Kasale, na kadiri alivyotembea ndivyo ile njia panda ya Ngailo ilivyozidi kumchukiza, mpaka akaiona ilivyo. Kulikuwa na njia ya tatu. Ilikuwapo siku zote. Ilihitaji mikono tu, na mikono ya watu mia nne ilikuwa imefungiwa ndani ya Kasale.

* * *

Tusekile alikuwa kwenye ngazi za nje, mtoto kifuani. Amelia mchana kutwa, alisema, na uso wake ulikuwa na furaha na uchovu. Subilaga alikaa pembeni yake akamweleza yote, bila kupunguza: namba za uongo, ripoti, paneli, kura. Watu waliokuwa wakirudi kazini walisimama kusikiliza, mmoja, wawili, kisha kundi.

"Kwa hiyo kichwa kinachoniuma kila siku ni wao?" aliuliza mwanamume mmoja.

"Ndiyo."

"Na mama yangu aliyeanguka bafuni wiki iliyopita?"

Sauti zikapanda. Mtu mmoja akataka waende wakavunje madirisha ya halmashauri, mwingine akataka wavunje ya Kasale yenyewe hapo hapo.

"Sikilizeni!" Subilaga alipanda ngazi mbili akawageukia. "Mkivunja dirisha leo, hewa itaingia na zile paneli zitawaua. Hilo Mkurugenzi hakudanganya. Lazima paneli zitoke kwanza. Zote, za ukutani na za ngazini. Zitoke nje kabisa. Zikishatoka, narudisha hewa, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Ni mali ya jiji. Mkizigusa mtashtakiwa, na mimi nitashtakiwa kabla yenu. Na kuna za kwenye dari ambazo hatutazifikia zote leo, kwa hiyo hatari itabaki. Siwezi kuwaahidi kwamba haitabaki. Asiyetaka aseme."

Kisha mzee mmoja mrefu, Ambilikile, fundi seremala aliyeishi ghorofa ya chini, akacheka kwa dharau.

"Mimi ndiye niliyebandika hizo takataka," alisema. "Niliajiriwa na mkandarasi. Nikamwuliza, bwana, hii kitu si inaungua? Akaniambia moto haupo tena Uwanda." Alitema mate pembeni. "Ngojeni nikachukue msumeno na mtaimbo."

Wazee na watoto walitolewa nje na mablanketi. Wengine wote waliingia. Ndani ya hewa ile kazi ilikuwa kama kupigana chini ya maji: mtu alibandua paneli mbili akaketi, moyo ukimgonga masikioni, mwenzake akamshika zamu. Walitumia mitaimbo, majembe, visu vya jikoni, hata vijiko. Walianza na ngazi, kwa amri ya Subilaga, ili njia ya kutokea iwe safi kabla ya kitu kingine. Paneli zilishuka zikaruka uani, nyeupe, nyepesi, zikarundikana mbali na jengo. Askari wawili wa getini walipiga simu ofisini. Halafu mmoja wao, ambaye dada yake aliishi ghorofa ya sita, alivua koti akaingia kusaidia.

Jua lilikuwa bado halijazama pale Hobokela alipotokea, amevaa viatu vya kazi. Alichukua upande mmoja wa paneli aliyokuwa ameishika Subilaga, wakaivuta pamoja.

Kuta zote zilipokuwa wazi, Subilaga alishuka chumba cha mitambo. Dari za ghorofa tatu za juu zilikuwa bado. Alisimama mbele ya mtambo na mkono hewani. Alikuwa amepanga watu kila ukumbi, ndoo za mchanga na maji kila mlango, lakini swichi kuu ya umeme ilikuwa chini ya kufuli la jiji, na alijua kwamba maandalizi hayo hayatoshi. Aliwaza kuhusu mkono wake huo, kwamba kitakachotokea kuanzia sasa kitakuwa kimetoka hapo. Akabonyeza.

Mashine zilinyamaza. Milango yote miwili ikafunguliwa, upepo wa mlimani ukaingia, na watu wakaanza kupiga miayo mirefu, mmoja baada ya mwingine, kama wanaoamka.

Moto ulitokea ghorofa ya saba. Waya uliokuwa ukitoa cheche juu ya dari, pengine kwa miaka, bila kudhuru kitu, safari hii ulikuta hewa. Paneli ya dari iliwaka kwa mlio kama wa kitambaa kinachochanwa. Aliyekuwa zamu alipiga kelele. Watu walishuka kwa ngazi ile safi, wakashuka wote, hakuna aliyekanyagwa. Subilaga alikuwa akipanda wakati wao wakishuka, na alipofika aliwakuta Hobokela na Ambilikile wakivuta dari kwa kulabu ya chuma, wakiiangusha sakafuni vipande vipande, wengine wakimwaga mchanga. Kipande kimoja kikubwa kiliachia kabla ya wakati. Kilimwangukia Ambilikile begani na mgongoni, kikiwaka.

Walimzima kwa blanketi lililolowa. Moto wa dari nao ukafa, kwa kuwa ukutani haukupata pa kushika. Chumba kimoja na nusu kiliungua. Mzee alibebwa chini akiwa anapumua huku ameuma meno, ngozi ya mgongo imetoka, na alipomwona Subilaga akitembea pembeni yake machozi yakimtoka, alimshika kiganja.

"Usinililie," alisema. "Kalie na hao wa Baraza."

* * *

Ngailo alifika na askari sita wakati gari la wagonjwa likiondoka. Alitazama rundo la paneli uani, madirisha ya ghorofa ya saba yaliyojaa masizi, watu waliojifunga mablanketi. Upole wake wote ulikuwa umekwisha.

"Nilikwambia," alisema. "Nilikwambia moto! Huyo mzee akifa ni wewe umemwua!"

"Huenda," Subilaga alisema. Sauti ilikuwa imemkauka kwa moshi. "Nitalibeba hilo, na sitampa mtu mwingine anibebee. Wewe beba ya kwako. Kuna watoto kwenye majengo yote ya mashariki, na sisi tumewahi hili moja."

"Hakuna sisi. Umefukuzwa kazi. Kuanzia sasa hivi."

"Na nani?"

Ngailo aliwageukia askari wake.

"Leo Baraza limeongeza mkataba wangu kwa kauli moja. Wewe ulikuwapo, ulipiga makofi. Aliyeuongeza ndiye anayeweza kuuvunja, na Baraza halikai tena mpaka robo ijayo ya mwaka. Nikamate ukitaka, kaniweke ndani, nitakuwa mhandisi wako wa kinga ya moto nikiwa mahabusu. Ila kabla hujanikamata, mimi na wewe tuna kazi. Nataka magari ya maji. Yale mnayomwagilia maua ya Barabara ya Meya, yote, hapa. Nataka mafundi umeme. Nataka hema na chakula kwa watu wanaosubiri nje. Nakushauri, Mkurugenzi. Si ndiyo kazi yangu? Miaka mitano nimekushauri ukatia pamba masikioni. Leo watu mia nne wamesimama hapa wanasikiliza ninachokushauri."

Na kweli walikuwa wamesogea, kimya, mpaka askari wakajikuta wamebanana bega kwa bega. Tusekile alikuwa mbele yao. Hakuna aliyeinua mkono. Ngailo aliwatazama, akatazama chini, akatoa simu. Alipoanza kuagiza magari ya maji, sauti yake ilikuwa ya mtu anayelazimishwa kumeza dawa chungu. Subilaga hakuona raha yoyote kumsikia. Alikuwa bado na hasira, na aliiona hasira hiyo itakaa naye muda mrefu, pamoja na harufu ya mgongo wa yule mzee.

Ndipo kishindo kiliposikika upande wa pili wa barabara. Watu waligeuka. Mlango wa kuingilia wa jengo la jirani ulikuwa wazi, na paneli nyeupe ilikuwa imelala kwenye lami. Ya pili ikatupwa juu yake. Mwanamke aliyejifunga kanga kichwani akatokea mlangoni, mtaimbo mkononi, akihema, akapaza sauti kuelekea Kasale.

"Mhandisi! Mhandisi yuko wapi? Huku tunaanzia wapi?"

Hobokela, mikono yake imefungwa vitambaa, alikuwa wa kwanza kuvuka barabara. Subilaga alimpita Ngailo bila kumtazama.

"Ngazini!" aliita, akaanza kukimbia. "Toeni watoto nje, anzeni ngazini! Na mtu asiguse dirisha!"